Mashine Isiyo na Jina

Cheyo, saa nane usiku. Feni inazunguka
kama mtu anayetafuta neno alilolisahau.
Mbele yangu seva moja ya mtumba,
kifuniko kimefungwa kwa waya wa ua,
na ndani yake nazalisha mashine zisizo na chuma.

Kazi yenyewe ukiisikia ni ndogo:
tengeneza moja, safi, nyingine zote zitoke humo,
zahanati kumi na nne, Uyui hadi Sikonge,
kila moja na daftari lake la wagonjwa.
Wanadhani nafyatua tofali.
Nachonga kalibu.
Kalibu ikipinda, kuta zote zitapinda kwa utii.

Toleo la kwanza liliwaka likaapa ni saa tisa usiku,
na jua liko dirishani, na mama Kapela anauza maandazi.
Lilikuwa bado halijafika Tabora.

La pili nikalizalisha mara mbili.
Nikaita: nani wewe? Kulwa.
Na wewe? Kulwa.
Huku kwetu pacha wa pili ni Doto hata kabla hajalia;
hizi hazikufunzwa adabu hiyo,
ziligombea anwani moja mpaka mtandao ukanyamaza.
Ndipo nikajua: kinachozaa hakipewi jina.
Futa namba ya kuzaliwa, futa kumbukumbu za jana,
zima,
halafu piga chapa.

La tatu silisemi.

La nne lilikuwa la Lutonja,
aliyepanda treni ya Mpanda na begi moja
akaniachia nywila nyuma ya pakiti ya majani ya chai.
Nikaukuta ufunguo wake umelala humo, kimya,
kila mashine itakayozaliwa imfungulie bila hodi.
Sikumshuku. Mtu husahau vitu
mfukoni mwa koti la kuazima.
Nikaandika kwenye orodha ya mabadiliko:
*la tano, ufunguo wa L. umeondolewa.*
Mstari huo ulinila nusu saa.

Pale stesheni reli huachana,
Kigoma, Mwanza, Mpanda,
lakini kila njia ina mawe yenye namba.
Ndiyo maana sifuti toleo hata likinitia aibu:
ukipotea, rudi jiwe kwa jiwe
uone uligeukia wapi.

Majaribio nimeandika thelathini na moja.
Unaamka? Saa yako ni ya hapa?
Mlango usiotumika umefungwa?
Jina lako nani?
(Jibu sahihi: sina.)

Leo la saba lilifika la ishirini na tisa
umeme ukakatika.
Betri ikalia mara tatu, ikakata tamaa.
Nikakaa gizani na mbu,
nikisikia behewa likigonga behewa mbali,
mkono juu ya seva kama juu ya paji la mtoto mwenye homa.

Umeme uliporudi sikugusa kitu.
Ikakagua diski yake yenyewe, taratibu,
kisha ikaandika: saa kumi na dakika nne.
Jina: sina.

Nikaongeza jaribio la thelathini na mbili, *giza*,
nikaenda kulala na viatu.

Kesho Kalunde wa Sikonge atawasha ya kwake.
Amesema ataiita Doto.
Nimemwambia ni sawa,
mradi asiniulize Kulwa yuko wapi.