Nane

Barua tatu ziko kwenye mlango wa friji,
zimebanwa kwa sumaku ya duka la gesi.
Ya Maskati: jioni mbili kwa juma,
kilomita mia na hamsini kwenda, na hizo hizo kurudi,
na ngamia wasioheshimu taa kali.
Ya Kuala Lumpur: miaka mitatu, likizo bila mshahara.
(Humud alisema "sawa" kwa sauti ya mtu anayepiga hesabu.)
Ya tatu haina mahali. Imo ndani ya kompyuta,
ada kwa awamu, na picha ya wanafunzi wanaocheka
kama watu wasiowahi kusahihisha daftari.

Mama anauliza kutoka jikoni:
"Ukimaliza utaitwa daktari?"
Ndiyo, mama.
"Utaandika dawa?"
Hapana, mama.
"Basi daktari wa nini?"
Anaendelea kukoroga uji, ameshinda.

Mimi ni Raya, mwalimu wa hesabu hapa Ibra,
darasa la tatu B, mwaka wa kumi na sita huu.
Najua kiyoyozi kipi hufa kabla ya adhuhuri,
najua nani kaja bila kufungua kinywa.
Ghaniya ndiye simjui.

Hukaa nyuma, karibu na ndoo na fagio.
Nikimuuliza kwa Kiarabu hunijibu kwa Kiarabu,
ila midomo yake kwanza hupita kwingine:
moja, mbili, tatu, nne, tano,
lugha ya bibi yake, aliyefika hapa
na masanduku mawili na mbuzi ya kukunia nazi;
sita, saba,
hapo Kiarabu kimemkuta njiani, wanaamkiana;
kisha nane,
na hapo husimama,
kama mtu aliyefika njia panda usiku
akaona nyumba mbili, zote za kwao, zote zina taa.
Ripoti inasema: mzito wa hesabu.
Mimi nasema hapana,
lakini hapana yangu haina jedwali wala tanbihi,
na wizara haisomi hapana tupu.

Ustadha Shinuna, aliyemaliza wake mwaka juzi,
alinifunda katika chumba cha walimu, akimenya chungwa:
"Usichague jina la chuo. Jina halijibu barua.
Chagua mtu. Mpe swali lako, uone atalishika wapi."

Nikaandika kwa wote watatu, maneno yale yale, juu ya nane.
Wa Maskati: utapata wahojiwa wangapi?
Wa kompyuta, baada ya dakika nne: Hongera! Bonyeza hapa.
Wa Kuala Lumpur alikaa siku kumi na moja.
Nimeshamkatia tamaa, ikaja mistari miwili:
*Huyo mtoto, akifika nane,
vidole vyake vinafanya nini?*

Sikujua.
Miaka yote hiyo nikitazama midomo.

Jumapili nikainama, najifanya natafuta chaki.
Chini ya deski vidole vyote vimekunjwa,
viwili tu vimesimama,
na Ghaniya anaviangalia hivyo viwili.
Hahesabu alipofika, mtoto huyu.
Anahesabu kilichobaki.
Nikagonga kichwa kwenye deski, darasa zima likacheka,
naye akacheka.

Barua mbili nimezitoa kwenye friji.
Iliyobaki sijaijibu; mwisho wake Alhamisi.
Humud ameuliza bei ya tiketi, hakusema ni ya nani.
Mama ameitazama ile karatasi muda mrefu,
yeye asiyesoma Kiingereza,
kisha akaikunja mikono ya kanzu yake:
"Na huko mbali, mie presha atanipima nani?"

Nikamfunga kipimo mkononi, kama kila jioni.
Kikavimba, kikanung'unika, kikalegea.
"Inasemaje?"
Mia na arubaini, mama, chini yake
chini yake
themanini.