Herufi Saba

Karani wa vitambulisho aliandika Pelela.
Nikamwambia, siyo. Akafuta, akaandika Perera.
Nikamwambia, umekaribia, huyo ni ndugu yetu wa Kolombo,
alidondosha herufi moja njiani, hakurudi kuiokota.
Foleni ikaguna nyuma yangu.
"Mama, hili jina ni la kabila gani?"

Ningemjibu nini, saa sita mchana, Moshi,
jua limelalia bati kama pasi ya mkaa?

Babu Kajetani alikuwa nayo, pasi,
nzito, yenye jogoo wa shaba kwenye komeo.
Aliinyoosha juu ya suruali za watu wa reli
na kanzu za mapadri wa Kibosho.
Alishuka stesheni na treni ya Tanga,
na cherehani, na Mtakatifu Antoni aliyevunjika kidole,
na jina hilo, ambalo halikutozwa ushuru.

Hakulichagua. Wala babu wa babu yake.
Huko Goa padri wa Kireno alimwaga maji
juu ya utosi wa mtu mwenye jina jingine,
na maji yalipokauka, jina lile lilikauka nayo.
Hatulijui. Nimeuliza.
Padri alikuwa Pereira, na kufikia jioni
wakwezi walikuwa Pereira, wafinyanzi Pereira,
na mjane mmoja, na labda mbuzi wake.

Na Ureno kwenyewe, kabla ya padri,
lilikuwa mti tu.
Mtu alijenga karibu na mpeasi,
wenzake wakamwita yule-wa-mpeasini,
kama huku tusemavyo yule wa mferejini.
Mti ukakatwa kuni. Jina likapanda meli,
Brazili, Angola, Malaka,
likazaa watu wasiowahi kuonja peasi.

Bibi yangu Ndeanasia alitoka Uru.
Wajomba zake walikaa na mbege yao, wakauliza:
Mosha tunajua kihamba chake, Temu tunajua,
huyu Pereira migomba yake iko wapi?
Migomba hana. Ana chumba nyuma ya duka
na choo cha kuchangia na Wasomali.
"Basi binti yetu kaolewa na mpera!"
Wakacheka hadi kata ikamwagika.

Babu naye akacheka, pini zikamdondoka mdomoni.
Alijua wasichokijua:
kwamba Mreno alipoliona tunda hili la mbegu nyingi
aliliita pera, kwa kukumbuka la kwao,
akaliacha neno pwani kama mtu anavyosahau kofia,
nalo likapanda mlima kwa miguu yake.
"Hamjanitukana," aliwaambia. "Mmenitafsiri."
Toka siku hiyo, mji mzima, Mzee Mpera.

Mimi peasi lenyewe nililionja nikiwa na miaka arobaini,
Mombo, basi limesimama, kijana ananiuzia la Lushoto dirishani.
Nikauma. Maji mengi, mchangamchanga,
utamu wa mgeni asiyetaka kusumbua.
Nikakaa nalo mapajani hadi Same
nikiwaza, ndiyo wewe?
Nikala hata kikonyo.

Lakini mpera naujua.
Nyuma ya nyumba yetu ya Pasua upo mmoja,
hakuna aliyeupanda. Ndege alikula kwa mtu,
akatua, akafanya haja zake.
Watoto wanaurushia mawe, matawi yake hayavunjiki, yanapinda,
na mwenye nyumba kaukata mara mbili.
Ukoo wangu ndivyo ulivyosambaa,
ingawa kwenye fomu hakuna mstari wa kuandika hivyo.

"Mama, tunakusubiri."
Andika, nikamwambia. P, kama pera.
"Ungesema hivyo tangu mwanzo," akasema,
na kalamu yake ikaenda bila kukwama.

Kitambulisho kilitoka baada ya miezi tisa.
Jina wamepatia, herufi zote saba.
Walichokosea ni mwaka wa kuzaliwa.