Sayari ya Feza

Mchana nawafuta watu makunyanzi.
Katuba, kibanda cha mabati nyuma ya mashine ya kusaga,
kompyuta moja, printa inayokohoa:
nawavisha marehemu tai ambazo hawakuwahi kuzifunga,
nawainua kwenye viti vya plastiki vya baa
nawaketisha mbele ya mawingu.
Familia hupenda mawingu.

Usiku, umeme ukikubali, natengeneza sayari.

Ni kwa ajili ya Kapend na filamu yake.
Roketi anayo, bati la paa lililoviringishwa;
rubani anaye, mpwa wake, kofia ya pikipiki kichwani;
mahali pa kumpeleka ndipo hana.
"Nifanyie dunia," akasema, "ila isifanane na mpira."

Ya kwanza ilifanana na mpira.
Ya pili, chungwa.
Ya tatu nilipiga picha kitako cha sufuria ya bukari,
nikaikunja juu ya duara, nikaivuta kingo,
nikachimba mashimo kwa brashi, moja moja, kwa subira ya mchwa.
Kapend akaitazama, akainamisha shingo,
akaniuliza kama mama anaiosha kwa mchanga au kwa majivu.

Nilikuwa naipenda mno, labda.
Niliimulika pande zote kama bibi harusi.

Kisha Jumatatu moja ya kiangazi,
vumbi jekundu limekaa hata kwenye meno,
akaingia mwanamke, simu yake imepasuka kioo.
"Naitwa Feza. Ni jina tu; mfukoni hamna."
Ndani ya simu, mumewe, Lumbwe,
mdomoni mwa shimo la machimbo,
nusu ya uso jua,
nusu ya uso, hakuna.

Kidole changu kilishatangulia,
kimpanguse vumbi, kimwinulie kivuli.

"Acha."
"Mama, hataonekana."
"Kwa nani? Upande ule mimi naujua.
Umwachie giza lake."

Nikaacha. Nikachapa. Mawingu sikuweka.

Akafungua fundo la kitenge, nikadhani ni noti,
kumbe jiwe, malakiti, kubwa kama yai la bata,
lililokutwa kwenye suruali yake siku walipomtoa.
"Si la kukupa," akasema. "La kukuonyesha."
Nikaomba kulipiga picha. Akalilowesha yeye mwenyewe
kwa maji ya kikombe changu,
na pete zikaamka, kijani ndani ya kijani,
kama dhoruba iliyoambiwa subiri
ikasubiri.

Usiku ule sikuchora shimo hata moja.
Tabaka la chini, jiwe. Juu yake, jiwe lile lile, limefifishwa.
Nikazima taa zote za ndani ya picha
nikabakiza moja, kushoto, mbali sana,
na pale mwanga ulipochoka sikuusukuma.
Ukingoni, upande wa jua peke yake,
uzi wa ukungu, mwembamba kuliko mvuke wa chai iliyosahauliwa.
Vumbi sikutia. Skrini ilikuwa nalo.

Saa nane kasorobo umeme ukakatika.
Nikatoka nje nikiapa kwa sauti ndogo.
Kule ng'ambo mlima wa makapi ya shaba
ulikuwa umekaa kama unavyokaa miaka yote,
taa ya kiwanda imeugusa bega moja tu,
na lile bega jingine, nyota zilipokoma, ndipo lilipoanzia.
Nimezaliwa nikiuona mlima huo.
Nikasimama hadi miguu ikapata baridi.

Asubuhi faili lilikuwapo, zima.
Kapend alisogeza uso mpaka pumzi ikaganda kwenye kioo.
Hakusema mpira. Hakusema sufuria.
Akaweka kidole upande usio na mwanga.
"Na huku kuna nini?"

Nikamwambia kwanza tuongee bei,
kuna mtu namdai picha moja,
na nimeamua ailipe rubani wako.