Nipake Tisa

Ghorofa ya pili, Mtaa wa Tom Mboya,
mlango wa nne baada ya fundi wa simu,
hapo nakaa na beseni langu.
Miaka kumi na mmoja nimeinama miguuni pa watu.
Uso hunidanganya.
Kidole gumba hakijajifunza.

Kerubo huuza viatu vya mtumba Gikomba.
Kila mwisho wa mwezi hupanda ngazi zetu
akizilaani moja moja.
Siku hiyo ilikuwa Julai, baridi ya kupasua midomo.
Akavua soksi, akasema:
"Muendo, leo nataka nyekundu. Ile nzito.
Kuna kitu hapo sitaki kukiona."

Nikauona mstari.
Mweusi, kama uliochorwa kwa wino,
toka ncha ya ukucha hadi shinani,
kule mwembamba, huku umenenepa.
Weusi wenyewe haukuwa mmoja:
kahawia hapa, makaa pale,
na shinani ulikuwa umevuka mpaka
ukamwagikia ngozi.

"Ni kiatu," akasema. "Nilijaribu kimoja kikanibana."
"Lini?"
"Mwaka jana. Machi."
Damu iliyovilia husukumwa nje ukucha ukikua, nikamwambia.
Hii haijasukumwa. Imeongezeka.
"Panauma?"
"Hata kidogo."
Hapo ndipo nilipoogopa.

Kuna jambo siwaambii wateja.
Alikuwapo Wavinya, karani wa mahakama,
mstari kama huo, kidole cha pete.
Nilimpaka zambarau, nikampaka dhahabu ya Krismasi,
miezi kumi na minne nilimpaka,
nikijisifia mkono usiotetemeka.
Ukucha ulipasuka, nikaushika kwa gundi.
Ukatoa damu bila kuguswa, nikaweka pamba.
Rangi yangu ilikuwa bora, ilificha vizuri.
Kwenye matanga nilipewa chai,
kikombe kikanishinda kushika.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Hawakuwahi kukalia kigoda changu.

Nikaifunga chupa ya nyekundu.
Kerubo akacheka: "Saratani ya ngozi?
Hiyo si ya wazungu, ya kuchomwa na jua?
Mimi, na weusi huu?"
Nikauinua mguu wake, nikamwonyesha wayo,
rangi ya chai iliyozidiwa na maziwa.
"Jua limewahi kufika hapa?"
Akanyamaza.
"Si kila mstari," nikasema haraka, maana alikuwa amebadilika.
"Tazama kucha zangu: sita zina mistari,
nimeirithi kwa mama, haijasogea tangu nibalehe.
Lakini huu uko peke yake, na unatembea.
Mimi ni mtu wa rangi tu.
Nenda kwa mwenye kukata kipande akakipime."

Sikumpaka. Sikumtoza.
Alishuka ngazi bila kuzilaani.

Agosti hakuja. Septemba hakuja.
Fundi wa simu akaniuliza
mbona nachungulia kila kisigino kinachopanda.

Oktoba nikasikia laana.
Moja. Kimya. Nyingine.
Polepole, mguu mmoja ukimngoja mwenzake.
Akakaa, akavua soksi mwenyewe.
Mahali pa gumba palikuwa na mshono,
ngozi changa inayong'aa kama ganda la kitunguu.
Kenyatta, akasema. Foleni ilikuwa ndefu kuliko upasuaji.
Walikiwahi, hakikuwa kimesafiri,
ila kila miezi mitatu atarudi
wambonyeze kinena, wamkague ngozi yote,
hadi kati ya vidole, hadi utosini.
"Hata mume wangu hajawahi kunitazama hivyo."

Tukacheka, kisha hatukucheka.

Nikaijaza beseni maji ya moto.
Nikatoa chupa, ile nyekundu nzito,
ilikuwa imeganda kifuniko, nikaifungua kwa meno.

"Nipake tisa," akasema.
"Na bei uipunguze. Hesabu unaijua."