Mkate Ungali Moto

Barke alipiga simu baada ya alfajiri,
mimba ya miezi mitano, sauti ya mtu aliyekosewa:
"Kaka, nataka mkate wa mofa.
Wa Bi Mwanashee. Wa Langoni.
Usiniletee wa jana, wala usiupashe."
Akakata.

Mimi ni mwalimu wa jiografia.
Nikakunjua ramani ya kidato cha tatu, iliyochanika hapo Pate,
nikaweka rula: sentimita saba, kasoro punje.
Zidisha kwa kipimo, zinakuja
kilomita kama mia na arubaini, mstari ulionyooka,
kana kwamba Mto Tana haupo,
wala Witu, wala Garsen,
wala vizuizi na foleni ya vitambulisho
huku jua likipika upande mmoja wa basi.
Kwa barabara, saa tano. Mkate huwa kigae.
Kwa ndege, dakika thelathini.
Kipimo cha tatu sikufundishwa:
mkate hupoa kwa kasi gani.

Saa mbili na nusu Bi Mwanashee akaubandua ukutani mwa mofa,
ukatoa mlio mdogo kama mtu anayeamshwa.
Nikaufunga kwa kanga, kanga kwa gazeti,
gazeti kwa koti langu la harusi za watu.
Boti ya injini hadi Manda. Nikaukinga na upepo
kama anayerudi na kaa la moto kutoka kwa jirani.

Kiwanjani wakanipandisha mizani,
mimi na furushi pamoja, maana ndege ni ndogo
na kila mtu humo ni mzigo.
"Sabini na mbili," karani akasema. "Na hiki kinachonukia?"
Nikamwambia ni dawa.
Rubani akachelewa dakika kumi na nane.
Nilizihesabu kwa kiganja, si kwa saa:
mwanzo kiganja kiliungua,
kisha kikastarehe,
kisha kikaanza kuuliza.

Angani sikuona cha kumsimulia mtu.
Mikoko, mdomo wa Tana ukitema matope,
mashamba ya chumvi kama vioo vya kinyozi.
Nilikuwa nimeinama, shavu juu ya koti.
Mama wa kiti cha pili akanipa pole,
akidhani nimefiwa.

Tuktuk, kisha Shela,
Shela ya Malindi, si Shela yetu;
jina nalo lilihama, bila nauli.
Barke mlangoni, miguu imevimba.
Nikafungua koti, gazeti, kanga.
Ulikuwa vuguvugu, kama paji la mtoto aliyepona homa.

Akaumega. Akaunusa. Akala kipande cha kidole.
Akanyamaza, nikaogopa atalia.
"Basi," akasema, "hamu imenitoka.
Sasa nataka embe bichi na pilipili."
Mumewe, Bwanaidi, akaangalia dari.
Tukaumaliza sisi wawili kwa chai ya rangi,
Barke akicheka mpaka akashika kiuno,
na sikumbuki lini nilimwona akicheka hivyo
tangu aolewe upande huu.

Nauli iliyobaki ilikuwa ya basi.
Baada ya Garsen askari akaingia,
akapita kiti kwa kiti, akasimama kwangu, akavuta pumzi.
"Umebeba nini?"
Nikafungua koti. Makombo matatu, wino wa gazeti.
"Nilibeba," nikasema.