Mlango Ndio Sifuri

Mwalimu Kyakimwa alikuwa na kamba ya mkonge,
mafundo ishirini, kila fundo mita,
nyeusi kwa jasho la watoto wa Birere.
Aliifunga kwenye msumari wa mlango wa darasa la tatu,
akasema: Hapa ndipo sifuri.
Nendeni nyumbani mkipima, zamu kwa zamu.
Nataka namba, nataka na kona.

Tukauliza kwa nini tusihesabu hatua.
Akamsimamisha Bauma, mrefu kama mlingoti,
akanisimamisha mimi kando yake.
Mguu hukua, alisema. Fundo halikui.

Tulikwenda wawili wawili, huyu anashika, yule anavuta,
tukipishana na machukudu yaliyolemewa na makala,
wauza sambaza wakitufokea tusiwakwaze.
Kasoki alileta mia nne kumi na mbili.
Lwanzo mia mbili tisini na nusu;
nusu hiyo aliibishania mpaka kengele.

Zamu yangu ilinyesha.
Nilijibanza chini ya bati la Mama Mugoli,
nikala muhogo wa kuchoma,
nikaandika mia tatu themanini
kwa sababu ilikuwa na sura ya kweli.
Mwalimu aliitazama. Akaitazama tena.
Akaiingiza katika daftari lake la jalada la kijani
pamoja na za wenzangu.

Miaka sita baadaye, Januari,
mlima ulishuka mjini kwa miguu.
Ulipita Birere, ukaramba mapaa,
ukaenda kunywa ziwani.
Tuliporudi kutoka Gisenyi, kandambili zikiyeyuka nyayoni,
hapakuwa na avenyu wala uzio.
Palikuwa na jiwe moja, refu kama mji.
Watu walisimama juu ya nyumba wasizojua ni za nani
na walikwisha kuanza kugombana.

Moto ulipofika shuleni ulikata kona,
kwa sababu zake wenyewe,
ukaacha darasa la tatu, na mlango, na msumari.

Mwalimu alikuja na daftari ndani ya kitenge.
Hakutoa hotuba. Alifunga kamba.
Kasoki, aliita, kama asubuhi yoyote ile.
Kasoki akashika ncha, msichana mkubwa sasa.
Mia nne kumi na mbili. Kona tatu.
Mama yake akapiga magoti juu ya jiwe la vuguvugu:
hapo chini ndipo palipokuwa jiko.

Walipofika kwangu nilimtazama mama,
nikawatazama wenye vijiti vya mipaka mikononi.
Mwalimu, nilisema, ilinyesha.
Akalamba kidole, akaufuta mstari wangu.

Baba yake Lwanzo akasogea mita moja.
Mama Kasoki akasogea mbili, akinung'unika.
Nyumba yetu imeegemea mita hizo tatu mpaka leo.

Sasa kazi yangu ni kupima viwanja.
Nina chombo cha miguu mitatu kinachouliza nyota za chuma.
Mvua ikianza, vijana wangu hukimbilia bati.
Mimi hubaki na maji shingoni, nasoma namba,
nasoma tena. Wananiita kichwa kigumu.

Jumapili ya kwanza ya mwezi tunafanya likelemba,
sisi wa darasa la tatu, tulio na mvi na tusio nazo.
Bauma huchonga machukudu. Lwanzo ni nesi Keshero.
Kasoki anauza simenti, na kila mfuko wa kiwandani
huupima upya kwa mizani yake.
Mwezi jana pesa zilikwenda kwa macho ya Mwalimu.
Hayakupona.

Bado huita mahudhurio, bila daftari,
majina yote ishirini na tisa, kama tulivyokaa.
Kwa wasiojibu tunanyamaza
muda wa mtoto kunyanyua mkono.

Jina langu huliacha mwisho.
Nikisema, Nipo, hugeuzia sikio dirishani,
anauliza:
Nje huko, inanyesha?