Mpaka wa Sauti

Turku, Januari. Dirisha limeganda.
Mezani kompyuta na spika mbili
ndogo kama mikebe ya kahawa;
chini, ukutani, sanduku la besi
nililouziwa na Aulikki wa ghorofa ya tatu
kwa sharti nisimtikisie vikombe.

Kazi yote ni mpaka.
Kilicho chini ya hezi themanini kiende sandukuni,
kilicho juu, enyi wadogo, chukueni.
Nazungusha, nasikiliza, nazungusha
mpaka nipate mpaka.

Ninayo rekodi ya baba, dakika nne.
Teuvo, dereva wa basi namba kumi na nane,
hakuwa mtu wa maneno.
Nilimuuliza kuhusu mama, akajibu, "Mh."
Nikamuuliza tena.

Leo ile "mh" haipo.
Kijiko kinalia kikombeni, kiti kinalalamika,
saa ya ukutani inahesabu,
baba kimya.
Nikashusha hadi sitini, nikapandisha hadi mia:
kiti kikawa pipa, kijiko kikawa sindano.
Yeye, wapi!

Saa saba usiku nikapiga magoti na tochi.
Waya mwekundu umekaa penye mweusi.
Kumbe sanduku likisukuma, wadogo wanavuta,
na palepale wanapokutana
wanafutana.

Nikabadili.

"Mh," akasema baba,
kutoka mezani, kutoka sakafuni,
sikujua tena kutoka wapi.
Nikarudisha nyuma. "Mh."
Hakuongeza neno.

Huko juu Aulikki akagonga bomba, mara moja.
Nikapunguza.
Kidogo tu.